Mwana wa Winga wa Kushoto

Severina Ndunguru aliishi Bur Dubai miaka miwili kama panya ajuaye kwamba paka yumo ndani. Alivaa abaya nyeusi ijapokuwa alikuwa Mkatoliki wa Mbinga. Alinunua mkate kwenye duka la chini ya jengo, hata kama wa duka la pili ulikuwa bora. Gari la polisi lenye rangi nyeupe na kijani likipita, alitoa simu mkobani na kuinamisha uso kama mtu anayesoma ujumbe, na hakuinua kichwa mpaka sauti ya injini ipotee.

Hakuwa mwizi, wala hakuwa amemdhuru mtu. Kosa lake lilikuwa kukimbia. Wakala wa Dar es Salaam alimleta kufanya kazi za ndani katika nyumba moja ya Hatta, kule milimani karibu na mpaka wa Oman, na mama mwenye nyumba ile alikuwa na mkono mwepesi. Alimpiga kwa hanga za nguo, alimpiga kwa kandambili, na siku moja alimpiga kwa pasi ambayo kwa bahati ilikuwa imekwisha kupoa. Alfajiri moja Severina alipanda nyuma ya pikapu ya mboga iliyokuwa ikishuka Deira, akajilaza kati ya makreti ya matango, akaiacha pasipoti yake kwenye droo ya kafeel, yule mwenyeji aliyemdhamini. Kafeel akaripoti kwamba ametoroka. Tangu hapo Severina akawa mmoja wa wale ambao mjini huitwa khali-wali, mtu asiye na mwenyewe, ambaye akiulizwa kitambulisho hana la kujibu. Serikali iliwahi kutangaza msamaha kwa watu wa namna yake, na wenzake kadhaa walikwenda wakapewa ruhusa ya kuondoka kwa amani. Severina alifika mpaka mkia wa foleni, akaziona sare, akarudi alikotoka.

Kazi ya pili aliipata kupitia watu wa kanisani. Mwingereza mmoja, Madam Judith Holt, aliyefanya kazi katika kampuni ya bima za meli, alikuwa anatafuta mtu wa kukaa na baba yake. Mzee Leonard Holt alikuwa anaikaribia miaka tisini, na akili yake ilikuwa kama redio inayopoteza stesheni: sasa hivi inasema vizuri kabisa, punde ni mvumo mtupu. Madam alijua kwamba Severina hana karatasi. Alimwambia watalishughulikia jambo hilo, na kila alipolitaja alisema hivyohivyo, na Severina aliitikia inshallah kama mtu yeyote wa mji ule. Alimpa chumba chenye dirisha. Alimpa pia sharti moja zito: komeo la juu la mlango lisikae wazi, kwa sababu mzee ana tabia ya kuondoka.

Mzee hakuondoka ovyo. Alikuwa anakwenda uwanjani kumtafuta baba yake.

Huyo baba, Jabez Holt, alikuwa mcheza mpira, winga wa kushoto, katika mji wa makaa ya mawe uitwao Aldersyke, kaskazini mwa Uingereza, kabla ya vita ile kuu ya kwanza. Severina alikuwa amezisikia habari zake mara nyingi kuliko alivyosikia habari za mtakatifu wa parokia yao. Mzee aliweza kusahau kama amekula, aliweza kumwita binti yake kwa jina la marehemu mkewe, lakini Jabez hakumsahau.

Jabez aliingia mgodini angali mtoto, kusukuma vigari vya makaa, na akitoka huko alicheza vichochoroni na viatu vya kazi. Timu ya mji ilimchukua kwa sababu ya kitu kimoja: alijua kusimama. Mawinga wengine walijua kukimbia. Jabez alikimbia na mpira kando ya mstari wa chaki, beki yuko naye ubavuni, kisha akasimama ghafla kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Beki alipita mzimamzima, na wako mabeki walioishia mapajani mwa watazamaji. Hapo Jabez aliinua kichwa na kuchonga krosi. Kwa kuwa alikuwa mrefu, mwembamba na mweupe pee, watu walimwita Mshumaa. Mwaka mmoja timu yake ilifika nusu fainali ya kombe, ikatolewa kwa bao moja la penalti. Mwaka mwingine aliitwa katika kikosi cha wachezaji bora wa ligi, lakini theluji ilifunga reli, treni ikalala njiani, na Jabez akaufikia uwanja begi mkononi wakati watu wanatoka. Hawakumwita tena.

“Winga anakaa peke yake,” mzee alikuwa akimwambia Severina. “Wenzake wako katikati wanafichana. Yeye yuko pembeni na watu. Kila tusi analisikia.”

Matusi yalikuja mwaka wa 1915. Vita ilikuwa imeanza na mpira ulikuwa haujasimamishwa, na watu wengi waliona haya kuwatazama vijana wenye nguvu wakifukuzana na mpira huku wenzao wanakufa Ufaransa. Siku ya mechi mwanamke mmoja alimtupia Jabez unyoya mweupe kutoka jukwaani, ambao kwa desturi ya kwao ulikuwa na maana kwamba wewe ni mwoga. Wiki hiyohiyo Jabez akaenda kujiandikisha jeshini. Alirudi na mapafu yaliyounguzwa na gesi. Vita ilipokwisha alijaribu kucheza tena, na katika mechi yake ya mwisho alipewa mpira akiwa na uwanja wote wazi mbele yake. Akakimbia, akafika nusu ya njia, akasimama. Watazamaji walishangilia, wakidhani ni ule ujanja wake wa zamani. Kumbe pumzi ilikuwa imemwishia. Mpira ukajivingirisha wenyewe ukatoka nje, na zile shangwe zikageuka kicheko. Jabez akarudi mgodini, safari hii kuchambua mawe kwenye makaa, kazi ya wazee na vilema, na akafa mwanawe angali mdogo.

Mzee Leonard hakuwa amezaliwa siku ile ya kicheko. Alihadithiwa na mama yake. Lakini uzeeni kicheko kile kilihamia kwake, akawa anakisikia kama mtu aliyekuwepo, na kila hofu aliyokuwa nayo ilikusanyika mahali pamoja: amuwahi baba yake kabla hajajiandikisha.

Agosti ya mwaka ule wa 2014 dunia ilikuwa inakumbuka miaka mia tangu vita ile ianze. Televisheni ya Kiingereza ilionyesha picha za zamani, vijana wenye kofia wakipanga foleni mbele ya ofisi za jeshi, wanacheka, wanapunga mikono. Madam aliposafiri kwenda London kwa shughuli za kazi, alimwagiza Severina asimwache mzee azione. Severina aliificha rimoti juu ya friji. Ijumaa ambayo Madam alikuwa anarudi, mzee aliipata, hakuna ajuaye vipi, na Severina alipotoka bafuni alimkuta amesimama karibu kabisa na kioo, kiganja chake kimefunika nyuso za wale vijana.

Akaizima televisheni. Akamkalisha, akamwambia Madam yuko kwenye ndege, jioni atakuwa nyumbani. Mzee aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Severina akatoa taka, akazitupa kwenye tundu lililo mwisho wa korido, akarudi na ndoo mkononi na kuusukuma mlango kwa kisigino. Akaingia jikoni, akawasha feni ya kuvutia moshi, akaanza kukaanga vitunguu vya supu. Feni ile ilikuwa na kelele za mashine ya kusaga.

Alipotoka na bakuli, kiti kilikuwa kitupu. Alitazama chumbani, alitazama bafuni, akatazama nyuma ya pazia kama vile anamtafuta mtoto. Viatu vya kamba vya mzee havikuwepo. Skafu yake ya sufi nyekundu, ile ya timu, haikuwepo kwenye msumari. Ndipo alipoinua macho na kuliona komeo la juu limening'inia. Bakuli aliliweka chini sakafuni, akashangaa baadaye kwa nini aliliweka taratibu vile.

Ilikuwa saa ya swala ya Ijumaa. Jengo zima lilikuwa kimya na mezani pa mlinzi chini hapakuwa na mtu, kwa sababu Lukman, Mganda aliyekuwa na zamu, alikuwa amekwenda msikitini. Severina akasukuma mlango wa kioo na joto likampokea usoni kama pumzi ya tanuri. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua. Maduka ya vitambaa yalikuwa yamefungwa, magari yamepangwa kimya, hapana hata mbwa. Sauti ya khatibu ilikuwa inatoka kwenye vipaza sauti upande wa pili wa majengo, na yeye hakuelewa neno hata moja ila aliona kama inamsema yeye.

Alikimbia kwenda kituo cha basi, kile cha kioo chenye kiyoyozi. Walikuwemo Wafilipino wawili, hawakuona mzee yeyote. Alirudi akapita kwenye uchochoro wa magari ya kubeba maji. Akafika mpaka barabara kubwa, akasimama ukingoni, akatazama upande wa Creek, ule mkono wa bahari, ambako mzee angeweza kupanda mashua ya abra akavushwa Deira, na huko nani angempata. Akili yake ikamletea picha ya mzee kifudifudi juu ya lami, na mara hiyohiyo ikamletea nyingine, ya yeye mwenyewe kwenye kiti cha nyuma cha gari la kijani na jeupe. Aliona aibu kwamba picha hizi mbili zilikuja pamoja. Mpigie Madam, alijiambia, akapiga, na sauti ya mashine ikamwambia simu haipatikani. Madam alikuwa juu ya mawingu na hangeshuka mpaka jua lianze kupungua nguvu.

Aliporudi kwenye jengo, watu walikuwa wanatoka msikitini na Lukman alikuwa anavaa kofia yake ya kazi. Alimsikiliza, akasema innalillahi kwa sauti ya chini, akafungua kompyuta ya kamera. Wakamwona mzee akitoka kwenye lifti. Alikuwa amevaa skafu shingoni katika joto lile. Alitembea polepole lakini bila kusitasita, akafungua mlango wa kioo, akageuka kushoto, na mkono wake ukawa unagusa ukuta mpaka akatoka kwenye picha. Muda mrefu ulikuwa umepita tangu hapo, mrefu kuliko alivyodhani.

“Dada, piga simu polisi,” Lukman alisema. “Jua hii itamuua.”

Severina aliendelea kuutazama ule ukuta mtupu kwenye picha.

“Mimi najua shida yako. Hata mimi niliacha meza, wakitazama hii kamera wataona. Lakini mzee akikufa, watauliza kwa nini hukupiga. Hapo itakuwa si karatasi tena. Itakuwa maiti.”

Severina alimwomba ampe nafasi kidogo. Upande ule wa kushoto, nyuma ya majengo, kulikuwa na kiwanja cha mchanga ambako wafanyakazi hucheza mpira Ijumaa jua likitua, na kama mzee alikuwa anatafuta uwanja, huenda amekiona kutoka dirishani. Akitazama pale asimkute, atapiga. Lukman aliitazama saa yake, akampa chupa ya maji, akamwambia aende, yalla, haraka.

Kiwanja kilikuwa kitupu. Magoli ya mabomba yalikuwa yamesimama, moja limeinama. Mchanga ulikuwa unang'aa mpaka macho yanauma, na upande wa mbali malori na mabasi ya wafanyakazi yalikuwa yameegeshwa mstari mmoja kando ya ukuta. Severina alisimama katikati, akazunguka, akaita. Sauti yake haikwenda mbali. Jasho lilikuwa linamtiririka ndani ya abaya na mdomo wake ulikuwa mkavu, na maji aliyokuwa nayo hakuyagusa, kwa kuwa aliona ni ya mzee.

Pale ndipo hofu ilipomshika sawasawa. Mpaka wakati ule alikuwa anakimbia, na anayekimbia huiacha hofu nyuma kidogo. Sasa alikuwa amesimama na ikamfikia. Ilimwambia kwa sauti ya akili kabisa kwamba aondoke. Lukman hatasema. Deira kuna Watanzania, atalala kwa mtu, kesho atatafuta nyumba nyingine. Mzee ana binti yake, ana ubalozi wake, ana pasipoti ya nchi kubwa. Watu kama hao hawapotei. Yeye nani atamtafuta? Ilimkumbusha chumba cha stoo cha Hatta, alimokuwa akilala baada ya kupigwa. Ilimkumbusha mama yake Mbinga, ambaye alikuwa anawaambia majirani kwamba binti yake ni nesi. Severina alijikuta ameshapiga hatua kadhaa kuelekea barabarani, na hakukumbuka kuamua.

Akasimama. Akapiga namba ya polisi.

Mwanamume aliyepokea alianza kwa Kiarabu, kisha akaingia kwa Kiingereza. Severina alimweleza: mzee wa Kiingereza, karibu miaka tisini, akili imechoka, ametoka peke yake, skafu nyekundu. Mwanamume akauliza jina la mpigaji. Severina alikuwa na majina mengine tayari, kila khali-wali anayo, lakini yalipofika mdomoni aliyaona ya kitoto.

“Severina Ndunguru,” alisema.

“Namba ya kitambulisho?”

“Sina.”

Kisha yule mwanamume akauliza, kwa sauti ileile, kama mzee ana mahali anapopendelea kwenda, na anatembeaje, katikati ya barabara au kando.

“Kando,” Severina alisema. “Siku zote kando. Anafuata mstari, anafuata ukuta. Baba yake alikuwa winga.” Alipokuwa anasema hivyo macho yake yaliondoka katikati ya kiwanja, yakaenda kwenye ukuta wa mbali nyuma ya mabasi, ambako alikuwa ametupia jicho tu. Akataja jina la jengo na kiwanja, akakimbia simu ikiwa bado sikioni.

Mzee alikuwa kati ya basi la mwisho na ukuta. Alikuwa amefuata ukingo wa saruji mpaka pale, akaanguka, na kivuli cha basi kilikuwa kimefunika miguu yake peke yake. Uso ulikuwa mwekundu kama nyama, midomo imepasuka, na hakuwa anatoka jasho hata tone. Severina alijua hiyo ni dalili mbaya. Alimshika kwapani akamvuta kivulini, akamfungua ile skafu, akailowesha na kumfunika nayo kichwani, akamtilia maji mdomoni kidogokidogo. Maji yalimwagika shavuni. Macho ya mzee yalikuwa wazi na hayakuwa yanamwona.

“Wanacheka,” mzee alisema.

“Hakuna anayecheka, Sir.”

“Wanacheka. Amesimama. Kwa nini amesimama?”

Mwili wake ulikuwa unatetemeka wote, na Severina akatambua kwamba hatetemeki kwa homa pekee. Mtu huyu alikuwa anaogopa. Alikuwa mzee wa kuzaa na kujukuu, na alikuwa anaogopa kama mtoto aliyeachwa sokoni, kwa jambo lililompata mtu mwingine kabla yeye hajazaliwa. Severina alikiweka kichwa cha mzee mapajani mwake.

“Amesimama ili beki apite,” alimwambia. “Ni ule ujanja wake. Sasa anainua kichwa.”

“Ana mpira?”

“Anao.”

Mzee akafumba macho. Pumzi zake zilikuwa fupifupi, na baina ya moja na ya pili palikuwa na nafasi ambayo Severina alishindwa kuivumilia. Kila mara alidhani hiyo ndiyo ya mwisho, na kila mara ilikuja nyingine. Akasikia ving'ora. Nyuma ya mabasi kulikuwa na pengo kwenye ukuta, pana kiasi cha mtu kupita, na ng'ambo yake ni uchochoro wa kwenda sokoni. Aliliona. Alikuwa amempata mzee, msaada ulikuwa umefika, kazi yake imekwisha. Lakini kichwa cha mzee kilikuwa juu ya miguu yake, na ardhi pale ilikuwa inaunguza. Aliinua mkono mmoja na kuupunga ili wamwone.

Wahudumu wa gari la wagonjwa walifanya kazi yao upesi, wakamtia mzee dripu, wakampakia. Polisi walikuwa wawili. Mmoja, kijana, alimpa Severina maji baridi na kusubiri amalize kunywa ndipo akaomba kitambulisho. Severina akamweleza yote hapohapo, Hatta, pikapu, pasipoti, kwa Kiingereza kilichokuwa kinaanguka na kuinuka. Kijana alisikiliza, akaonekana kama mtu ambaye angependa kuwa amemkuta mtu mwingine. Kisha akamfungulia mlango wa nyuma wa gari. Kiti kilikuwa cha plastiki na kiyoyozi kilikuwa kikali. Aliyaota mambo haya miaka miwili, na katika ndoto hapakuwahi kuwa na baridi.

Madam Judith alifika kituoni usiku, bado na sanduku lake la safari, akitokea hospitali. Mzee alikuwa hai. Madaktari walisema angechelewa kidogo tu kufikishwa, ingekuwa mambo mengine. Ofisa akamwuliza Madam kama anamfahamu mwanamke huyu. Severina alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu mchana. Alijua kwamba anayemwajiri khali-wali naye ana kesi ya kujibu, na alikuwa tayari kusema kwamba yeye ni mpita njia tu, amemwokota mzee barabarani. Alimwona Madam akitazama sakafu. Alimwona akihamisha mkoba kutoka bega hili kwenda lile. Ilikuwa zamu ya Madam kuogopa, na Severina hakumlaumu.

“Ananifanyia kazi,” Madam alisema hatimaye. “Amemtunza baba yangu kwa sababu mimi nilimwomba. Nilijua hali yake.”

Haikubadili mengi. Madam alipata misukosuko yake kazini na serikalini, lakini aliivuka. Ripoti ya kafeel wa Hatta ilikuwepo kwenye kompyuta na haikufutika kwa machozi ya mtu. Severina alikaa mahabusu ya wanawake mpaka majira yakaanza kubadilika, pamoja na Wahabeshi, Wafilipino na Waganda, wakilala kwenye magodoro yanayogusana. Hakupigwa. Alipewa wali na dengu. Usiku wengine walilia. Yeye, kwa mshangao wake, alilala fofofo tangu siku ya kwanza, kama mtu aliyetua mzigo hata kama ameutua mahali pabaya. Fortunate, dada mmoja kutoka Uganda, alimwuliza kwa nini alitaja jina lake la kweli. Severina akasema labda alikuwa amechoka. Mwishowe walimpiga picha za macho na alama za vidole ili asirudi tena, wakampa hati ya safari ya ubalozi, wakamsindikiza mpaka kwenye ndege. Madam alikuwa amempelekea begi lenye nguo zake zote, zimekunjwa vibaya na mtu asiyezoea kukunja.

Mzee Leonard aliishi mpaka mwaka uliofuata, akafa usingizini. Madam alipiga simu Mbinga kusema hivyo. Severina aliuliza kama aliwahi kumtaja. Madam akasema ukweli: hapana, hakumtaja, alikuwa na mtu mwingine wa kumtunza na alimzoea. Lakini kuna jambo lilikuwa limebadilika. Tangu atoke hospitali mzee hakutaka tena kwenda nje. Aliwahadithia wauguzi habari za Jabez kama kawaida, na alipofika mahali pa kusimama alikuwa akiishia hapo, beki amepita, kichwa kimeinuliwa, na kuwauliza kama wameona. Severina hakumwambia Madam maneno yaliyosemwa nyuma ya mabasi. Alimpa pole, wakaagana.

Kuhusu yeye mwenyewe, hofu haikuondoka kwa sababu tu sababu yake imeondoka. Msimu wa kahawa ulipofika alikuwa anarudi kutoka shambani na kaka yake Gerishom, wamepakia gunia kwenye pikipiki, wakasimamishwa na askari kwenye kizuizi. Kabla hajaulizwa Severina alishuka, akatoa kitambulisho chake kipya kifuani na kukinyoosha kwa mikono miwili. Askari alikitazama kitambulisho, akamtazama yeye, asielewe anapewa cha nini. Alichotaka kujua ni kama kahawa ile inakwenda chama cha ushirika au kwa walanguzi. Gerishom akajibu ni ya ushirika, askari akainua kamba.

Waliposogea mbele kidogo Severina alimwomba kaka yake asimamishe. Akaketi kwenye majani kando ya njia, kitambulisho bado mkononi, akalia kwa muda. Gerishom alizima pikipiki, akakaza kamba za gunia ambazo hazikuwa zimelegea, akamsubiri.